Lita Themanini na Tatu kwa Dakika

Jumatatu, 2 Juni
Baridi imeingia. Sijavua hata koti, Sista wa wodi ya watoto kanipigia simu: "Fundi, nimelaza kumi na mmoja tangu jana, wote kifua. Mtambo wako uko salama?" Nikamwambia uko salama, geji inasoma nne kama siku zote.

Naandika humu kwa sababu daftari la mtambo halina nafasi ya maneno. Lina safu ya saa, safu ya presha na safu ya saini, basi. Mimi ndiye fundi mitambo wa hospitali, na tangu Novemba kazi yangu kubwa ni huu mtambo wa oksijeni. Unavuta hewa ya nje, unaichuja, kisha unaisukuma oksijeni kwenye mabomba ya shaba yanayopita ukutani hadi kwenye vitanda. Mabomba aliyafunga Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu. Hospitali nzima inamwita Koleo, maana hata kwenye harusi yangu alikuja nalo mfuko wa nyuma wa suruali ya suti.

Jumanne, 3 Juni
Presha nne. Watoto kumi na wanne.

Ijumaa, 6 Juni
Presha tatu na nusu kufikia saa sita mchana. Nimebadilisha kichujio cha hewa. Ikapanda kidogo, ikashuka tena.

Jumatatu, 9 Juni
Presha mbili.

Kila kitanda kina kioo kidogo ukutani chenye kigoroli ndani. Oksijeni ikipita, kigoroli kinaelea. Namba kinayofikia ndiyo lita zinazopita kwa dakika moja. Leo Sista alinishika mkono akanizungusha wodi nzima. "Angalia," alisema. "Nikifungua kitanda cha nne, cha sita kinazama. Nikikiinua cha sita, cha kumi kinazama. Nimekuwa mchezesha goroli."

Kitanda cha sita kuna msichana wa mwaka mmoja na nusu. Mama yake ni fundi cherehani, bado ana pini mbili kwenye ukosi wa blauzi na hajui kama zipo. Haangalii mlango, haangalii wauguzi. Anaangalia kigoroli.

"Hiki kinapima nini, dada?" aliniuliza.

"Lita ngapi zinampita kwa dakika."

"Anatakiwa apate ngapi?"

"Mbili."

"Sasa hivi ni moja na kidogo."

"Naona. Nalishughulikia."

Nimekaa kwenye banda la mtambo mpaka jioni. Hauna kelele ngeni, hauna joto la ajabu. Unafanya kazi kama punda mtiifu, na hautoshi.

Jumatano, 11 Juni
Kikao ofisini kwa Mganga Mkuu. Tulikuwa sita na Koleo akasimamishwa karibu na kabati, viti vimekwisha.

Mganga Mkuu alisema mtambo una miezi saba tu, hauwezi kuwa umechoka. Kama mtambo ni mzima na vitandani hakufiki kitu, basi inavuja njiani.

"Bomba langu halivuji," alisema Baba Mdogo.

"Basi inakwenda wapi?"

"Muulizeni anayeitengeneza. Mimi natengeneza njia."

Wote wakageuka wakaniangalia. Nilisema, "Inawezekana kuna kiungo kimelegea." Nilisema hivyo kwa sababu niliamini hivyo. Baba Mdogo aliniangalia kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Wamemwambia akae nyumbani hadi uchunguzi uishe. Mlinzi alimpokonya funguo pale lango kuu, mbele ya wagonjwa waliopanga foleni. Yeye ndiye aliyenishikisha tochi ya kuchomelea nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepaka povu la sabuni kila kiungo cha jengo la watoto. Hakuna kilichotoa kipovu.

Ijumaa, 13 Juni
Jengo la wanaume, la wanawake, chumba cha upasuaji. Hakuna. Magoti yanawaka. Watoto ishirini na mbili.

Jumamosi, 14 Juni
Sista kakubali kuwaweka wote kwenye mitungi kwa saa moja. Nikajaza mabomba mpaka nne, nikafunga valvu kubwa, nikafunga kila kitanda, nikakaa mbele ya geji na saa ya mkononi. Bomba lenye tundu lingeshusha presha.

Saa moja nzima sindano haikutikisika.

Nilimfurahia Baba Mdogo kwa muda wa kama dakika kumi. Nikaanza kukusanya vitu ili nikamwambie. Halafu nikakaa tena. Kama njia ni nzima, na mtambo ni mzima, oksijeni haipotei popote. Ni kwamba haipo.

Jumapili, 15 Juni
Nimekwenda kusoma kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mtambo. Nimekipita kila siku kwa miezi saba. Kimeandikwa: uwezo, mita za ujazo 5 kwa saa.

Nikafanya hesabu kwa kalamu juu ya kiganja. Mita moja ya ujazo ni lita elfu moja. Tano ni lita elfu tano, kwa saa. Nagawanya kwa dakika sitini. Themanini na tatu.

Lita themanini na tatu kwa dakika, kwa hospitali nzima. Nakumbuka vizuri, mwaka jana tulihesabu vitanda vyote tukapata kwamba wakati wa baridi tutahitaji mia tatu.

Kampuni imetuibia. Nimerudi nyumbani na hasira nzuri, hasira inayompa mtu hamu ya kula. Kesho natafuta fomu ya oda nikawaumbue.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeiona fomu.

Ngoja niandike taratibu, maana nikiandika haraka nitaruka kitu.

Kwenye jalada kuna fomu mbili. Ya kwanza, ya Machi mwaka jana, iliuliza mahitaji kwa lita kwa sekunde. Mwandiko ni wangu. Nilichukua mia tatu kwa dakika, nikagawanya kwa sitini, nikapata tano. Lita tano kwa sekunde. Sahihi kabisa.

Fomu ya pili ni ya Aprili. Kampuni ilileta mpya, wakasema ya kwanza imepitwa. Naikumbuka siku hiyo. Nilikuwa na begi begani, nakwenda semina, gari linanisubiri nje. Niliweka fomu mbili sambamba nikanakili mstari kwa mstari. Jina la hospitali. Idadi ya vitanda. Aina ya umeme. Mahitaji: tano.

Na pembeni ya ile tano, kwa maandishi ya chapa yanayosomeka hata bila miwani: mita za ujazo kwa saa.

Ilitakiwa iwe kumi na nane. Kutoka lita kwa sekunde kwenda mita za ujazo kwa saa unazidisha kwa tatu nukta sita. Nilifundishwa mwaka wa kwanza wa chuo. Nimewafundisha wengine. Tano mara tatu nukta sita ni kumi na nane.

Wametuletea walichoagizwa. Chini kuna saini yangu, na chini yake ya Mganga Mkuu, aliyetia akiamini kwamba mimi ninajua ninachoandika.

Nimelirudisha jalada kabatini pale pale lilipokuwa. Nimenawa mikono. Nimenawa tena.

Jumanne, 17 Juni
Sikusema.

Jumatano, 18 Juni
Presha moja na nusu. Watoto thelathini na mmoja, wengine wawili wawili kitandani. Sikusema. Niliingia ofisini kwa Mganga Mkuu mara mbili, mara ya kwanza nikaomba karatasi za kuchapia, mara ya pili nikaomba kalamu. Akaniuliza kama ninaumwa.

Alhamisi, 19 Juni
Mama Mdogo, mke wa Koleo, kanikuta natoka kazini. Nyumba zetu zimepakana ukuta, hakuna pa kumkwepa.

"Mwanangu, umekagua yale mabomba?"

"Nimekagua, Mama Mdogo."

"Yanavuja?"

Nikasema bado tunachunguza. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu lenyewe.

"Maana huko sokoni wanasema aliuza shaba nzuri akafunga ya kuokoteza. Mtu aliyekuwa anamsalimia kila siku leo kageuza uso. Yeye hatoki. Amekaa uani anafungua bomba letu la maji, analifunga, analifungua." Akafuta mikono kwenye kanga. "Wewe ndiye mwenye mashine, wewe ndiye mwanawe. Ukijua lolote, sema."

Nilimwambia, nitasema.

Ijumaa, 20 Juni
Msichana wa kitanda cha sita amefariki leo saa nane na dakika kumi mchana.

Saa saba na nusu Sista alipiga simu akasema vigoroli vyote upande wa dirishani vimelala chini. Nikaangalia geji: chini ya moja. Wodi ya wanaume walikuwa wamefungua vitanda vitatu vipya kwa wakati mmoja, kumi kumi kila kitanda. Nikapiga simu wapunguze, simu haikupokelewa. Nikakimbia mwenyewe, nikafunga kwa mkono wangu, mgonjwa mmoja akanishika kiwiko, akaniangalia, hakuwa na pumzi ya kusema chochote. Nikaacha cha kwake. Nikakimbilia stoo ya mitungi. Mikubwa yote mitupu, umebaki mmoja mdogo. Nikaupakia kwenye kitoroli, nikausukuma. Kutoka stoo hadi wodi ya watoto ni hatua kama mia mbili na kuna ngazi tatu, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kitoroli hakipandi ngazi. Nikaubeba.

Nilipoingia, Sista alikuwa anambonyezea mtoto mfuko wa hewa usoni, anahesabu kwa sauti ya chini. Daktari wa watoto alikuwa ameshika mguu mdogo. Halafu Sista akaacha kuhesabu.

Mama hakupiga kelele. Aliangalia kigoroli, akaniangalia mimi na mtungi kifuani, akaangalia kigoroli tena.

"Uache hapo, Fundi," Sista aliniambia. "Atautumia mwingine." Na kweli, dakika hiyo hiyo wakamfungia mtoto wa kitanda cha tano.

Baadaye nilimkuta Sista kwenye chumba cha dawa. Nikamuuliza, "Angekuwa anapata mbili kamili tangu mwanzo, angepona?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Alikuja amechelewa. Kifua kilikuwa kibaya sana. Wengine wabaya kuliko yeye wameondoka hapa kwa miguu yao." Alivua kofia yake akaivaa tena. "Sijui, mwanangu. Hakuna atakayejua. Ndiyo maana nimekuambia usiniulize."

Nilikuwa na siku nne. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nimezihesabu mbele na nyuma.

Jumamosi, 21 Juni
Nimefua. Nguo zile zile mara mbili.

Jumapili, 22 Juni
Nimekwenda nyumbani kwa Mganga Mkuu mchana, nikamkuta bustanini anamwagia maua. Nilimpa nakala ya fomu. Alisoma, akakunja, akakunjua.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe, Daktari."

Akaacha ndoo ikafurika chini ya bomba. Akasema: "Nisikilize vizuri. Ukilisema hili sasa, wewe unasimamishwa kesho asubuhi. Mtambo ataendesha nani? Mimi? Tuvuke baridi kwanza. Agosti tutakaa chini, tutaandika ripoti ya kiungwana."

"Na Koleo?"

"Koleo yuko kwake anapumzika."

"Anaitwa mwizi sokoni."

"Sokoni wanasema mengi."

Mbaya zaidi ni kwamba maneno yake yana akili ndani yake. Nani angeuendesha? Nimerudi nyumbani nikiwa nimepewa ruhusa ya kunyamaza, na nimeiona ruhusa hiyo ni nzito kuliko kosa.

Jumatatu, 23 Juni
Presha moja. Watoto thelathini na wanne. Nimegundua kwamba siwezi tena kuingia wodini kwa mlango ulio karibu na kitanda cha sita. Nazunguka nyuma, jikoni.

Jumanne, 24 Juni
Nimemwambia Baba Mdogo.

Alikuwa uani, amekalia ndoo iliyopinduliwa, bomba la maji mbele yake vipande vipande. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikamwambia mabomba yake niliyapima siku kumi zilizopita na hayavuji hata chembe. Nikamwambia kosa ni langu, nikamweleza fomu mbili, tano na kumi na nane. Nikamwambia nimejua tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

Aliweka chini alichoshika.

"Siku kumi umejua bomba ni zima."

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Umepita mlangoni kwangu asubuhi na jioni. Umeniamkia."

"Ndiyo."

"Hilo la hesabu ningekusamehe leo leo. Mimi mwenyewe nimewahi kukata bomba fupi mara ngapi, nikatupa. Hili la kuniamkia." Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Aligeuka akaingia ndani na pazia likarudi mahali pake.

Nikaendelea kusimama. Sikuwa na pa kwenda. Aliuliza, bado hanitazami: "Watoto wako wangapi?"

"Thelathini na wanne."

"Kila mmoja anakula ngapi?"

"Moja, mbili. Wengi ni mbili kamili."

"Basi sitini na kitu. Na hiyo mashine yako fupi inatoa ngapi?"

"Themanini na tatu."

Alinyanyua uso. "Sasa shida iko wapi, injinia? Inawatosha."

"Inatosha watoto peke yao. Wakubwa wanavuta kumi, kumi na tano kila mmoja. Bomba ni moja kwa wote."

"Bomba ni moja kwa sababu mimi nililifanya moja," alisema. "Linakatwa."

Jumatano, 25 Juni
Nimekesha na penseli. Ukikata bomba kuu pale linapogawanyika nyuma ya chumba cha upasuaji, mtambo unabaki na watoto tu. Wakubwa wanawekwa kwenye mitungi iliyounganishwa pamoja. Tuna mikubwa arobaini ikijazwa, kila mmoja lita elfu sita na mia nane. Wakubwa tisa kwa kumi kumi ni tisini kwa dakika: mtungi unakwisha kwa saa moja na robo. Haiwezekani. Lakini nimepita na Sista kitanda kwa kitanda, tumekuta watano wanaoachiwa kumi ilhali nne zinawatosha, na mwingine ambaye amepona na hakuna aliyemfungia. Tumefika hamsini. Mtungi unakaa saa mbili na robo. Arobaini inafika karibu siku nne. Lori la mitungi linaweza kuja kila baada ya siku nne, kama barabara haijafungwa na maji.

Kama.

Nilimpelekea Mganga Mkuu karatasi. Alisema ni sawa, ni vizuri, lakini fundi bomba mwingine atafutwe. Nikamwambia fundi mwingine hajui shaba ilipopita ukutani, na kwamba Koleo asipoingia yeye mimi sitii saini tena kwenye daftari la mtambo. Sijui nilipata wapi ulimi huo.

"Basi aingie," alisema, "kwa lango la nyuma, bila watu kuona."

Nilimpelekea Baba Mdogo maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa ameshavaa buti.

"Nitaingia lile nililotolewa," alisema.

Alhamisi, 26 Juni
Aliingia lango kuu saa tatu kamili asubuhi, foleni ikiwa imejaa. Mlinzi alisimama, akakaa, akasimama tena. Mwisho akamfungulia.

Lori lilikuwa limeleta mitungi mikubwa arobaini iliyojaa, wakubwa wakaunganishwa humo, na mtambo tukauzima saa tatu na nusu. Watoto wote thelathini na sita kwenye mitungi midogo tuliyoazima hospitali ya jirani, na Sista alikuwa na karatasi ya kila mtungi utakwisha saa ngapi. Tulikuwa na saa mbili. Kwa saa mbili nilimshikia Baba Mdogo taa na kitambaa chenye maji, akakata, akasugua, akachomelea. Hakunisemesha zaidi ya "leta", "shika", "sogea". Saa tano na dakika tano kiungo cha mwisho kilipasuka kikiwa bado cha moto. Akakiangalia tu. Akakata upya, akaanza tena, na mikono yake haikuharakisha hata kidogo, wakati mimi nilikuwa nahesabu pumzi za watoto watatu ambao mitungi yao ilishaandikwa nyekundu.

Saa tano na dakika thelathini na mbili tukawasha. Nilikimbia wodini, kwa mlango wa kitanda cha sita, nikasahau kuukwepa. Vigoroli vilikuwa vinapanda. Kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho dirishani.

Baba Mdogo alikuwa ameshaondoka niliporudi. Zana zake kafuta, kapanga, kaondoka nazo.

Ijumaa, 27 Juni
Watoto: lita sitini na nane. Presha tatu na nusu.

Jumatatu, 30 Juni
Lori limechelewa. Mtungi wa mwisho wa wanaume uliisha saa nne asubuhi, lori likafika saa sita. Kwa saa mbili wauguzi na ndugu walipokezana kubonyeza mifuko ya hewa kwa mkono. Mzee mmoja, dereva mstaafu, hakufika saa sita. Alikuwa na kansa ya mapafu na kila mtu ananiambia hivyo, kansa, kansa. Nimeandika saa na dakika.

Ijumaa, 4 Julai
Lori kwa wakati.

Jumanne, 8 Julai
Lori kwa wakati. Watoto ishirini na tisa. Hakuna aliyefariki wiki hii katika wodi ya watoto. Sista kanipa nusu ya mkate wake.

Jumatano, 9 Julai
Nimeandika barua kwa Kamati ya Hospitali. Sikusubiri Agosti. Nimebandika fomu zote mbili, nimeandika tarehe niliyogundua na tarehe niliyosema, na katikati yake nimeandika tarehe 20. Mganga Mkuu aliisoma kabla sijaituma. Alidhani nitamwomba ushauri. Nilimwomba muhuri.

"Umenimaliza na mimi," alisema. Lakini aligonga muhuri.

Jumatatu, 14 Julai
Kamati. Waliniuliza kama kompyuta ndiyo iliyokosea, kwa sauti ya mtu anayekunyooshea kamba. Nikasema ni mimi.

Ijumaa, 25 Julai
Barua imetoka. Mabomba hayana kasoro. Koleo arudishwe kazini na asomewe hivyo mbele ya wafanyakazi wote. Mganga Mkuu anahamishwa. Mimi naondolewa kwenye nafasi yangu, nitabaki karakana kama fundi msaidizi, siruhusiwi kutia saini kwenye kifaa chochote. Mtambo wa pili umeagizwa, wa kumi na tatu kwa saa, kujazia. Wataalamu watatu waliikagua fomu. Niliiona ikipita mezani, sikuigusa.

Baba Mdogo alisomewa barua yake uwanjani. Aliisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sasa anaweza kwenda kazini. Salamu yangu anaitikia. Haendelei mbele ya hapo, nami sijamwomba.

Jumamosi, 9 Agosti
Jua limerudi. Watoto wanne tu wodini.

Leo nimekwenda kwa yule mama. Sista alinielekeza, akaniambia nifikirie mara mbili naenda kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nilifikiria njia nzima na sikupata jibu, miguu ikanifikisha.

Anashona chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia. Alinitambua hapo hapo. Aliniletea kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kama nilivyomweleza Baba Mdogo, ila nilianza na tarehe. Kwamba nilijua Jumatatu, na mwanawe alifariki Ijumaa. Kwamba hakuna anayejua kama angepona, na kwamba sisemi hivyo ili kujipunguzia.

Nilipomaliza alisema: "Hiyo hesabu. Ni ngumu?"

"Hapana."

"Nionyeshe."

Meza ilikuwa na kitambaa cheusi kimetandazwa, cha suti. Alichukua chaki ya kukatia, akasubiri. Nikamwambia kila sekunde zinapita lita tano. Akaandika 5. Dakika ina sekunde sitini. Akazidisha pembeni, akaandika 300. Saa ina dakika sitini. Hapo alikwenda polepole, akihesabu sifuri kwa ncha ya kidole, akaandika 18,000. Nikamwambia mita moja ya ujazo ni lita elfu moja. Akafuta sifuri tatu.

"Kumi na nane," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe uliandika ngapi?"

"Tano."

Akaiandika tano kando ya kumi na nane. Akasimama akiziangalia zote mbili, jinsi alivyokuwa akiangalia kile kigoroli.

"Mimi hapa napima kwa inchi na kwa sentimita," alisema. "Mteja anakuja na vipimo vyake vimeandikwa na fundi mwingine, hajaandika kama ni inchi au sentimita. Namuuliza kwanza. Siku nikisahau kuuliza, linaloharibika ni gauni."

Akaiweka chaki mezani.

"Nimechukua muda gani kuifanya?"

"Dakika mbili. Labda tatu."

"Na mimi niliishia darasa la saba."

Hakusema kwa kunitukana. Alikuwa anahesabu tu. Kisha akaniambia niende, nami nikaenda.